Saa Sita ya Korogwe Si Saa Sita ya Jua

Katikati ya Februari jua linafika kilele cha safari yake juu ya mji wa Korogwe saa 6 na dakika 40 mchana, kama si pungufu kidogo. Mwanzoni mwa Novemba linafika kilele hicho saa 6 na dakika 10. Kati ya vipimo hivyo viwili saa ya kilele hupanda na kushuka mwaka mzima, na hakuna siku hata moja ambayo jua la Korogwe na saa ya ukutani hukubaliana kuwa sasa ni saa 6 kamili. Wanaofuata kalenda ya swala wanalijua jambo hili bila kusoma jiografia, maana adhuhuri huanza jua linapopinduka, na kalenda ya Tanga husogeza dakika zake kila baada ya siku chache. Wengine tunaishi tukiamini kwamba saa inalifuata jua. Hailifuati. Saa inayotumika Korogwe, Handeni, Dar es Salaam na Kigoma ni makubaliano ya watu, na ukishalielewa hilo, mengi yanayowatatiza wasafiri na wafanyabiashara wa huku hunyooka.

Hesabu yake si ngumu. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa moja, au uzi mmoja kwa dakika 4. Saa za Afrika Mashariki ziko mbele ya saa ya dunia kwa saa 3, ndiyo maana huandikwa UTC+3, na saa 3 mara nyuzi 15 ni nyuzi 45 mashariki ya Greenwich. Mstari huo wa nyuzi 45 hauigusi Tanzania popote. Unapita mbali baharini, na mji mkubwa ulio karibu nao ni Mogadishu. Korogwe iko kwenye nyuzi 38 na nusu hivi, Handeni kwenye nyuzi 38. Kwa hiyo jua la Korogwe liko nyuma ya saa ya ukutani kwa wastani wa dakika 26, na la Handeni dakika 28. Kati ya miji hiyo miwili tofauti haifiki dakika 2. Lakini kuna jambo la kushangaza zaidi. Kama dunia ingegawanywa kwa jua tupu, ukanda wa UTC+3 ungeanzia nyuzi 37 na nusu, mstari unaopita chini ya kilomita 60 magharibi ya mji wa Handeni. Moshi ingebaki upande wa pili. Arusha, Dodoma na Mwanza vilevile. Handeni na Korogwe zingekuwa miji ya mpakani, na anayesafiri kutoka Korogwe kwenda Moshi angerudisha saa yake nyuma njiani, pengine akiwa kwenye basi anakula karanga.

Haikuwa hivyo, kwa sababu waliopanga saa hawakuanza na jua. Walianza na kazi, na kwa Korogwe kazi hiyo ilikuwa reli. Wajerumani walianza kujenga reli ya Usambara kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Njia ni moja, treni ni nyingi, zinapishana stesheni tu. Mkuu wa stesheni mmoja akihesabu saa kwa jua la kwao na mwenzake kwa jua la kwao, treni mbili zitakutana uso kwa uso mahali pasipo pa kupishana. Ratiba hudai saa moja kwa njia nzima, hata kama jua linasema tofauti. Dunia nayo ilikuwa imeshaelekea huko: mkutano wa Washington wa Oktoba 1884, uliohudhuriwa na wajumbe wa nchi 25, ulikubali Greenwich kuwa mwanzo wa kuhesabu longitudo. Baada ya hapo kila utawala ulichagua umbali wake kutoka Greenwich, na haukuchagua mara moja. Nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza ziliwahi kutumia saa 2 na nusu mbele ya Greenwich, ziliwahi kutumia saa 2 na dakika 45, na mwishowe zikatulia kwenye saa 3. Ile ya saa 2 na nusu ingeifaa sana Handeni, maana jua lake lingepishana na saa kwa wastani wa dakika 2 tu. Ikaachwa, pengine kwa kuwa urahisi wa kuhesabu na majirani ulikuwa na thamani zaidi kuliko dakika 28 za jua.

Juu ya makubaliano hayo ya nchi, sisi tuna makubaliano mengine ya zamani zaidi: tunahesabu saa tangu kunapokucha na tangu kunapokuchwa. Saa 1 asubuhi ni saa 7 kwa hesabu ya kizungu, saa 1 usiku ni 19:00, na tofauti daima ni saa 6, haiwi 5 wala 7. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo mawili yasiyofanana. Hesabu ya Kiswahili si ukanda wa saa. Mtu wa Handeni anayesema saa 3 asubuhi na mgeni anayesema 9:00 wako kwenye dakika moja, katika ukanda mmoja, wakiitazama mishale ileile. Mmoja anasoma namba inayoelekezwa na mshale mfupi, mwingine anasoma iliyo mkabala wake. Ukanda wa saa unahusu mahali ulipo. Hesabu ya saa inahusu unavyosoma. Anayehama ukanda anahamisha saa yake; anayehama hesabu hahamishi chochote isipokuwa maneno. Hoja ya makala haya ni kwamba karibu makosa yote ya miadi katika maeneo kama Korogwe hutokana na kuvichukua viwili hivi kuwa kimoja, na dawa yake si kuacha kimojawapo bali kutaja waziwazi unatumia kipi.

Chukua tiketi ya basi. Imeandikwa tarehe, namba ya kiti, kuripoti 05:30, kuondoka 06:00. Aliyezoea hesabu ya kizungu anajua ni alfajiri. Aliyezoea kusikia saa 6 anaona saa 6, na saa 6 kwake ni mchana au usiku wa manane. Zamani kosa hili lilikuwa na kinga. Kwa miaka mingi mabasi ya mikoani hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha, hivyo safari nyingi za mbali zilianza alfajiri na kila mtu alijua basi la Arusha linaondoka kabla jua halijachomoza. Ukiuliza, unajibiwa saa 12, basi. Hali ilibadilika mwezi Oktoba 2023, pale mabasi yaliporuhusiwa kusafiri saa 24. Korogwe iko karibu katikati ya njia ya Dar es Salaam na Arusha, na Segera, iliyo wilayani Handeni, ndiyo njia panda ya Tanga, kwa hiyo sasa mabasi hupita huko usiku na mchana. Saa 6 usiku imekuwa saa halali ya kupanda basi Segera kama ilivyo saa 6 mchana na saa 12 asubuhi. Namba ileile kwenye karatasi ina majibu matatu, na lile jibu la mazoea halimwokoi tena abiria.

Usiku una mtego wake mwingine, nao ni tarehe. Kwa watu wengi wa pwani na bara yake, usiku huenda na siku inayofuata. Redio zinasema usiku wa kuamkia Jumanne ili kuondoa utata. Tiketi ya ndege haisemi hivyo. Tarehe yake hubadilika 00:00, yaani saa 6 usiku kamili. Ndege inayoondoka Dar es Salaam Jumanne saa 02:30 inaondoka saa 8 na nusu za usiku wa kuamkia Jumanne, na msafiri wa Handeni inambidi awe uwanjani Jumatatu usiku, yaani aondoke nyumbani Jumatatu asubuhi au mchana. Akisoma 02:30 kuwa saa 2 na nusu, kisha akaihesabu kuwa ya Jumanne asubuhi, atafika uwanjani ndege imeshavuka bahari. Saa ya kufika nayo huandikwa kwa saa ya huko aendako, si kwa saa ya Tanzania. Tiketi ya Muscat ina saa ya Oman, ambayo iko mbele yetu kwa saa 1. Ya Mumbai ina saa ya India, iliyo mbele kwa saa 2 na nusu. Kutoa saa ya kuondoka katika saa ya kufika bila kurekebisha tofauti hiyo hakukupi urefu wa safari. Kunakupa namba tu.

Majirani ni wepesi zaidi, lakini si wote. Kenya, Uganda, Somalia na Ethiopia wako UTC+3 pamoja nasi, na Waethiopia wanahesabu saa tangu kunapokucha kama sisi. Rwanda, Burundi, Zambia, Malawi, Msumbiji na Kongo ya mashariki wako nyuma kwa saa 1. Dereva wa lori anayevuka Tunduma saa 3 asubuhi anaingia Nakonde saa 2 asubuhi. Amepewa saa nzima bure, atadaiwa akirudi. Wote hawa, hata hivyo, wana sifa moja inayowafanya wawe rahisi kupanga nao kazi: hawabadilishi saa kati ya misimu. Anayekusumbua ni yule ambaye saa yake inasogea. Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sehemu kubwa ya Marekani husogeza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Tarehe hazilingani, kwa hiyo kila Machi kuna wiki mbili au tatu ambazo Marekani imeshahama na Ulaya bado, na mwisho wa Oktoba kuna siku chache ambazo Ulaya imesharudi na Marekani haijarudi.

Huku kwetu jambo hili lina kazi ya kweli. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita katika wilaya za Handeni na Korogwe. Wenye hisa ni TotalEnergies ya Ufaransa, shirika la mafuta la taifa la Uganda, shirika letu la mafuta TPDC na CNOOC ya China. Mchukulie mkandarasi mdogo wa Korogwe anayeitwa kwenye kikao cha mtandaoni ambacho Paris na Beijing nao wamo. China iko mbele yetu kwa saa 5 mwaka mzima. Ufaransa iko nyuma kwa saa 2 wakati wao wa baridi na saa 1 wakati wao wa joto. Beijing wakifunga ofisi saa 11 jioni, Korogwe ni saa 6 mchana. Paris wakifungua saa 3 asubuhi, Korogwe ni saa 5 wakati wa baridi na saa 4 wakati wa joto. Hivyo muda ambao wote watatu wako kazini ni saa moja tu, kuanzia saa 5 hadi saa 6 mchana, kwa karibu nusu ya mwaka, na saa mbili kwa nusu nyingine. Mkandarasi akiambiwa kikao ni kila Jumatatu saa 4 bila kutajiwa ni kwa saa ya nani, ataingia vizuri hadi mwisho wa Oktoba, kisha Jumatatu moja atajikuta peke yake. Korogwe haikusogea hata dakika. Iliyosogea ni Paris.

Handeni ina mfano mwingine, na huu ni wa damu. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani hadi Somalia, wakaishia bonde la Juba, na vizazi vyao viliendelea kuzungumza Kizigua huko. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991 baadhi yao walikimbilia Tanzania na hatimaye wakapewa makazi ya Chogo, wilayani Handeni, nchi ya babu zao. Wengine walikimbilia kambi za Kenya, na kuanzia mwaka 2003 Marekani ilipokea maelfu ya Wabantu wa Somalia, wakiwemo Wazigua waliopelekwa Boise, jimbo la Idaho. Boise iko nyuma ya Handeni kwa saa 10 kuanzia Novemba hadi Machi, na kwa saa 9 miezi iliyobaki. Ndugu wa Boise akimaliza kula Jumanne saa 2 usiku na kushika simu mwezi Januari, Chogo kumeshakuwa Jumatano saa 12 asubuhi, wakati mzuri wa kumpata mtu kabla hajaenda shambani. Akipiga saa ileile mwezi Julai atawaamsha saa 11 alfajiri. Waliopelekwa Tucson, jimbo la Arizona, hawana shida hiyo, kwa kuwa Arizona haisogezi saa. Wako saa 10 nyuma mwaka mzima.

Kuna atakayesema haya yote yamekwisha kwa kuwa kila mtu ana simu, na simu inajirekebisha yenyewe. Ni kweli kwa nusu ya tatizo. Simu inazijua kanda zote na tarehe zote za kusogeza saa, na mwaliko uliotumwa kwa kalenda ya simu utafika Korogwe ukiwa umeshageuzwa kuwa saa ya Korogwe. Lakini miadi mingi ya biashara za huku haipangwi kwa kalenda. Inapangwa kwa meseji na kwa mdomo: lete ng'ombe mnadani saa 3, lori la machungwa litapakia Michungwani saa 10, mnunuzi wa singa za mkonge atapiga saa 8. Simu haijui kama 8 hiyo ni 14:00, 02:00 au ni 8 ya kizungu asubuhi. Maandishi yakishaandikwa bila kutaja, hakuna programu itakayofufua nia ya mwandishi. Tena simu hujirekebisha kwa mahali ilipo yenyewe, si kwa mahali alipo unayezungumza naye.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaosema basi tuache hesabu ya Kiswahili, tutumie ya saa 24 kote, tuwe kama dunia. Silidharau. Ofisini, kwenye ndege na kwenye reli hesabu ya saa 24 imeshashinda, na ilistahili kushinda. Lakini hesabu yetu haikuwekwa kwa bahati mbaya. Korogwe iko nyuzi 5 tu kusini ya ikweta. Jua huchomoza kati ya saa 12 kamili na saa 12 na dakika 40 asubuhi, mwaka mzima. Siku huanza mahali pamoja, kwa hiyo kuhesabu kuanzia hapo kuna maana. London, ambako Juni jua huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri na Desemba huchomoza baada ya saa 2 asubuhi, hesabu kama hii isingedumu wiki. Ndiyo sababu pia wao wanasogeza saa na sisi hatuna haja. Mama anayemwambia mtoto arudi kabla ya saa 12 anamwambia arudi kabla ya giza, na mtoto anaelewa bila kuwa na saa. Kuifuta hesabu hiyo ni kuwapokonya watu kitu kinachofanya kazi ili kurekebisha kosa ambalo si lake. Na kosa lenyewe halitaondoka: wanaotumia mtindo wa saa 12 wa kizungu nao hubishana kama 12 ni mchana au usiku.

Wapo pia wanaoulaumu ukanda wenyewe. Kigoma jua liko nyuma ya saa kwa wastani wa zaidi ya saa nzima, na wanafunzi wa huko huamka gizani wakati wa Mtwara wameshaona mwanga, maana kati ya miji hiyo jua linapishana kwa dakika 42. Kongo ina kanda mbili. Kwa nini sisi tusiwe nazo? Kwa sababu Kongo ni pana mno, na kwa Tanzania mstari wa kugawa ungepita hapahapa, kati ya Handeni na Moshi au karibu yake, ukikata barabara, reli, masoko ya mahindi na benki. China, iliyo pana mara nyingi kuliko sisi, imekaa na saa moja. Kigoma ikitaka nafuu, shule zake zinaweza kuanza nusu saa baadaye. Hilo linabadilishwa kwa barua ya halmashauri, bila kugusa saa ya nchi.

Kwa hiyo kinachodaiwa ni kidogo. Anayepanga jambo na mtu wa nje aandike namba ya saa 24, siku, na maneno "saa za Afrika Mashariki", kisha amwachie mwenye saa inayosogea kazi ya kugeuza. Anayepanga na jirani yake aseme saa yake ya Kiswahili kama kawaida, lakini asiache neno asubuhi, mchana, jioni au usiku. Na wenye mabasi wanaopakia Korogwe, Handeni na Segera, pamoja na LATRA, mamlaka inayowasimamia, waongeze mstari mmoja kwenye tiketi: Kuondoka 06:00, saa 12 asubuhi. Mashine zinazochapa tiketi zinaweza kufanya hivyo leo.